Rangi Iliyobaki kwa Bi Tebra

Bi Tebra alikuwa mfupi. Nalitanguliza hilo kwa sababu yeye mwenyewe alilitanguliza. Alipotaka kufikia sehemu ya juu ya ukuta alipanda sanduku lake la harusi, la mbao za mtende, akasimama kwa ncha za vidole na kusema, "Ewe Mola uliyeniumba hivi, nishike basi nisianguke." Kisha anacheka peke yake, brashi mkononi, chokaa inamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Nyumba zetu zilipakana. Hapa Ghadames, mji wetu wa jangwani, hasa miaka ile kabla watu hawajahamia nyumba mpya za serikali, kupakana kulikuwa ni kuwa na paa moja. Wanaume wana vichochoro vyao vyenye kivuli huko chini, sisi wanawake tuna mapaa. Mimi nilitoka jikoni kwangu, nikavuka kiukuta kinachofika magotini, nikawa jikoni kwake. Nilikuwa bibi harusi wa mwaka wa pili, mama yangu mzazi yuko mbali, mji wa Derj, na mama mkwe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Basi aliyenifundisha mambo ya nyumba ni Bi Tebra. Alinifundisha kukanda unga, kutuliza mtoto mwenye tumbo, na kupaka nyumba kwa ajili ya Idi.

"Hewa yetu ina kiu, Aljia," aliniambia mwaka wa kwanza. "Usipounywesha ukuta maji kwanza, utakunywa maji ya chokaa. Chokaa itabaki unga mtupu. Siku ya Idi mgeni akiegemea, anaondoka na ukuta wako mgongoni."

Kwa hiyo tulikuwa tunainuka baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijafika kwenye tundu la dari, tunarusha maji kwenye kuta zangu kwa ufagio, tunapaka, tunarusha tena. Ukisikia upepo wa kusini unaanza kunong'ona, unafunika kila kitu na kukaa chini, maana mchanga ukishakamata chokaa mbichi hautoki. Ukuta wote ukiwa mweupe kama maziwa, ndipo inakuja siku ya nakshi: udongo mwekundu uliosagwa, gundi ya mgunga, maji kidogo. Pembetatu, miezi, mitende, kila mwanamke na za mama yake. Mkono wa Bi Tebra ulikuwa hautetemeki. Alichora huku akimsalia Mtume, na mstari wake ulikwenda kwa pumzi ile ile ya uradi.

Mume wake Bilgasem alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Idi ya kwanza nyumba yake haikupakwa kwa sababu ya msiba, na ndivyo inavyotakiwa. Zilizofuata hazikupakwa kwa sababu ya magoti yake, au alisema ni magoti. Kuta zikaanza kuchubuka. Ukikaa sebuleni unasikia vipande vikidondoka juu ya sinia za shaba, tii, tii.

Mwaka ninaousimulia, Ramadhani ilikuwa haijafika nusu, dereva wa lori akaleta salamu kutoka kwa Nuri, mwana wa pekee wa Bi Tebra, aliyekuwa na kazi nzuri Tripoli. Mimi nilikuwa pale kwake, tunachambua dengu pamoja. Dereva alisimama nje ya mlango akasema kwa sauti ya mtu aliyekariri:

"Nuri anasema: Mama, Idi hii nakuja na gari. Idi ikiisha tunarudi wote. Nyumba inayobomoka si mahali pa mama kukaa peke yake. Anasema usikatae."

"Mwambie nimesikia," Bi Tebra akajibu, akaendelea na dengu zake.

Dereva alipoondoka nikamuuliza, "Utakwenda?"

"Nilikwenda mara moja, nikakaa mwezi. Ghorofa ya nne, mwanangu. Mkwe wangu mtu mwema, hakunikosea hata kidogo. Lakini nilikuwa nakaa dirishani kama paka. Sauti yangu ilipungua kwa kukosa mtu wa kumwita ng'ambo." Akatupa kijiwe alichokikuta kwenye dengu. "Bilgasem yuko hapa, mama yangu yuko hapa. Na mimi nataka nizikwe na watu wanaojua jina langu."

"Basi utamwambia nini?"

"Simwambii kitu. Nitapaka nyumba yote, kila ukuta. Aikute kama alivyoiacha baba yake, halafu aniambie inabomoka."

Chokaa ya mtaa wetu ilichomwa na Haji Miftah, naye aliyefiwa na mkewe, mrefu, mkavu kama shina la mtende, mtu wa maneno ya kuhesabika. Tanuri yake ilikuwa nje ya ukuta wa mji. Wengine aliwapelekea mzigo mmoja kwa punda, yakaisha. Kwa Bi Tebra alileta mfuko leo, mfuko kesho kutwa. Mimi niliona, nikanyamaza. Mlango ulibaki umefungwa, yeye nje na Bi Tebra ndani, na mazungumzo yakapita kwenye nyufa za mbao.

"Assalamu alaikum, wenye nyumba."

"Wa alaikumu ssalamu, Haji. Chokaa hiyo ni ya mwaka huu au ya mababu?"

"Ya juzi, Mama Nuri. Bado ina joto."

"Maana ile uliyompelekea Ghazala mwaka jana ilikuwa na kokoto. Kuta zake zina chunusi mpaka leo."

"Ghazala alinihimiza. Chokaa ukiihimiza inakuaibisha."

"Na mimi sikuhimizi?"

Tukamsikia akimgeuza punda, tukadhani anaondoka.

"Wewe hujawahi kunihimiza kwa lolote, Mama Nuri."

Tukasikia kwato za punda zikienda. Bi Tebra akainamia mfuko, akaufungua bila haraka. "Mtu gani huyu! Hata kutaniwa hajui." Lakini alijifunika mdomo kwa ncha ya shela, na mwanamke hajifuniki mdomo hivyo kwa sababu ya mfuko wa chokaa.

Tulipaka siku nyingi, na saumu zetu vinywani. Alichoka, nikaona, ila alipochoka ndipo alipotania zaidi. Vyumba vikaisha, ngazi zikaisha, sebule ikaisha, ikafika siku ya nyekundu. Na hapo ndipo lilipotokea lililotokea.

Bi Tebra alichanganya rangi kwa kipimo cha zamani, cha enzi ambazo mama mkwe wake na mawifi walikuwa wakipaka pamoja, nyumba imejaa wanawake. Tulipomaliza sebule, bakuli lilikuwa bado lina rangi ya kutosha. Na rangi ile kwa hewa yetu haingoji. Uiache uende kuswali Adhuhuri, ukirudi unakuta kigae.

Akatazama huku, akatazama kule. Macho yakamtua kwenye kubba.

Kila nyumba kwetu ina kubba, kile kijichumba chenye pazia pembeni ya sebule. Mwanamke hukaa humo mara mbili: siku anapoolewa, na siku anapofiwa na mumewe akipokea mikono ya rambirambi. Nakshi za kubba hazirudiwi rangi kwa Idi, wala kwa mgeni, hata awe nani. Hurudiwa nyumba inapokuwa na bibi harusi. Mtoto mdogo wa Ghadames analijua hilo.

"Imefifia mpaka inatia huruma," alisema.

"Bi Tebra," nikamwambia, "watu wakiona?"

"Wataona wapi? Pazia likikauka nalirudisha. Na watu wamefunga, nani ana nguvu ya kupanda mapaa kunichungulia? Kumwaga neema ni dhambi, mwanangu. Lete taa."

Akaingia, akapaka. Tena alipaka vizuri kuliko sebule, Mwenyezi Mungu ndiye shahidi. Alichora kila pembetatu pole pole, kama mtu anayepiga pasi nguo asiyotarajia kuivaa.

Pazia la kubba, hariri ile ya mistari, tulikuwa tumelifua na kulianika juu ya paa. Ghazala, mke wa muuza ngozi, alivuka mapaa kuja kuazima ungo. Akaona pazia kwenye kamba. Akasimama. Akainama kwenye tundu la dari, akatazama chini, akaiona kubba wazi, nyekundu mbichi inang'aa.

"Eeeh! Mashallah, mashallah! Shoga, kumbe! Na sisi unatuficha?"

"Ghazala, ngoja, njoo nikwambie..."

Nani angojee? Ungo aliusahau. Tulisikia nyayo zake zikikimbia juu ya vichwa vyetu, paa hadi paa.

Kufikia wakati wa kufuturu, yalikwishaletwa mabakuli ya supu ya pongezi. Kwa maneno ya nyumba ya kwanza, Bi Tebra alikuwa ameolewa na mfanyabiashara wa mji wa Sabha mwenye malori. Nyumba ya pili walimwoza binamu wa marehemu mumewe. Mwanamke mmoja wa upande wa chemchemi alileta sukari na kumnong'oneza, "Umefanya vizuri, mwaya. Huyo wa Sabha nasikia ana meno yake yote."

Wageni walipokwisha, Bi Tebra akakaa juu ya sanduku lake, miguu haifiki chini.

"Wameniozesha, Aljia. Mikono yangu ina chokaa hivi, na wameniozesha."

"Tuipake chokaa juu yake, yaishe."

"Nyeupe juu ya nyekundu mbichi? Itakuwa kama ufizi. Na kubba haizibwi kwa chokaa, mwanangu, ila nyumba ikikosa mtu kabisa. Nitajifanyia uchuro mwenyewe?" Akashika kichwa. "Na Nuri yuko njiani. Atakuta mama yake kichekesho cha mji. Hapo ndipo atakaponitia garini bila kuuliza."

Nilimwambia tumwachie Mungu.

Kulikuwa na mfuko mmoja wa mwisho wa chokaa, wa kupaka mlangoni, ambao Haji alikuwa hajauleta. Asubuhi iliyofuata tulingoja tusikie, "Assalamu alaikum, wenye nyumba." Hatukusikia. Bi Tebra alipofungua mlango kufagia, aliukuta mfuko umesimamishwa ukutani, umefungwa vizuri, na kichochoro kitupu.

"Hakubisha," alisema.

"Pengine alikuwa na haraka."

"Hakubisha, Aljia. Hata salamu. Salamu ni haki ya kila Muislamu." Aliuburuta ule mfuko mwenyewe, akakataa nisimsaidie. Halafu akageuka kwa ghafla, kama nimemshitaki. "Na wewe unanitazama nini?"

"Mtumie neno, basi. Mwambie ni uvumi."

"Nimwambie nini? Haji, siolewi? Nani aliniuliza? Atasema mama huyu amerukwa na akili kwa njaa ya saumu."

Siku ile alipaka mlango bila kutania hata mara moja, na kazi ikaniwia nzito.

Nuri alifika siku ya mwisho ya Ramadhani, baada ya Alasiri. Mimi nilikuwa juu jikoni kwa Bi Tebra nikitandaza unga wa mikate ya Idi. Jiko liko karibu na tundu la sebule. Sikuchungulia, lakini masikio hayana kope.

"Mama! Ni nani huyo?"

"Kwanza salamu."

"Assalamu alaikum, Mama. Ni nani? Sijazima gari, watu wananishika mikono langoni. Nimepongezwa kwa ndoa ya mama yangu! Nikawa nasema ahsante, ahsante, kama mjinga!"

"Njoo nikubusu. Umekonda. Hakuna mtu, Nuri. Rangi ilibaki."

"Rangi ilibaki?"

"Ilibaki bakulini. Ungetaka niimwage?"

Nikasikia kicheko. Kilikuwa cha Bilgasem mtupu, kile cha kuanzia puani ambacho Bi Tebra alizoea kuniigizia. Na mama mtu akakifuata, wakacheka wote wawili mpaka Nuri akakohoa. Kisha sauti yake ikabadilika. Nadhani ndipo alipoinua macho.

"Nani amefanya yote haya?"

"Mimi na Aljia. Weka mkono. Weka! Umepata vumbi?"

"Sikupata."

"Haya. Sasa niambie inabomoka."

"Mama, nyumba nimeiona, na Mungu akulipe. Ila mimi sikuwa naogopa kuta. Nakuogopea wewe. Siku ukiteleza juu ya hilo sanduku, ukalala hapa chini, nani atajua? Aljia ana mtoto, ana mume, hawezi kukulinda kila saa. Nikiwa kule nakula, tonge linanikwama."

Kazi yote ile, saumu na magoti, na mtoto alikuwa anajibu swali jingine kabisa. Na alikuwa na haki. Mimi juu mkono wangu ulisimama kwenye unga. Nilijua kama angesema tena "twende", mama yake angekwenda, maana hakuwa mwanamke wa kumwachia mwanawe tonge likwame.

Mlango ukabishwa.

Nuri akaenda. Niliisikia sauti ya Haji Miftah ikipanda kwenye ngazi, kavu, kama amekaa siku nyingi hajaitumia.

"Nuri, umefika salama, alhamdulillahi. Sikai. Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Ndoa imekwishafungwa?"

"Ndoa ipi, Haji?"

"Ya mama yako."

"Haijafungwa," alisema Nuri. Alikuwa anasema kweli.

"Basi na mimi nina neno. Nimelichelewesha, kosa ni langu. Kila mfuko niliouleta hapa nilikuja nalo, na nikarudi nalo. Kama huyo wa Sabha bado hajafunga, naomba na mimi nihesabiwe. Nikikataliwa nimekataliwa. Lakini nisikatazwe na aibu yangu mwenyewe."

Kabla Nuri hajajibu, sauti ikatoka ndani, ile sauti ya kuita ng'ambo ya mapaa:

"Haji! Mfuko wa mwisho uliuacha mlangoni kama mtu anayetupa paka! Salamu ilikushinda?"

"Ilinishinda, Mama Nuri."

"Hakuna mtu wa Sabha."

"Hakuna?"

"Rangi ilibaki tu, ewe mja wa Mungu!"

Hapo nilichungulia. Mungu anisamehe. Nilimwona Nuri anarudi sebuleni, uso umemwiva, akachuchumaa mbele ya mama yake na kusema kwa sauti ya chini, lakini tundu lilinipa:

"Mama, niambie ukweli. Unamtaka?"

Bi Tebra alikuwa anazungusha bangili yake. "Nyumba yake iko nje ya ukuta, karibu na tanuri. Mimi sihami."

"Sikukuuliza nyumba."

"Na mimi nimekujibu. Mwanamke asiyemtaka mtu hashughuliki na nyumba yake iko wapi."

Nuri akainuka, akaenda mlangoni. "Haji, mama anasema hahami."

"Nani amemwambia ahame? Punda ana banda lake. Mimi nitakuja na jamvi langu."

"Na kupanda juu kupaka, je?"

"Apande kwa nini? Mimi si nafika?"

Nuri akacheka tena. Nilimsikia akimwambia Haji aingie wafuturu pamoja, Haji akikataa, Nuri akimvuta kanzu. Nikashuka kwa ngazi nimejitanda, na sinia ya tende, kama mtu asiyejua lolote. Bi Tebra akanitazama. "Masikio yako yana unga," akasema.

Siku ya tatu ya Idi ndoa ilifungwa, na Nuri mwenyewe ndiye aliyekuwa walii wa kumwozesha mama yake. Mama yake alikaa kwenye kubba muda mfupi, akalalamika joto, akatoka kuwapangia wageni viti. Ghazala alikula kuliko wote, na kila aliyeingia alimwambia kuwa yeye alijua tangu zamani.

Nuri aliondoka kesho yake. Kiti cha mama yake garini alikijaza tende na mikate, akanijia mlangoni pamoja na mume wangu, akasema, "Mama Aljia, nakuachia wawili sasa." Mimi miaka yangu ishirini, nikaitwa mama na mtu wa makamo. Nilijisikia mtu mzima siku ile.

Wiki moja baadaye nilivuka kiukuta na sahani ya uji mzito wa asubuhi. Nikabisha kwenye mlango wa paa, hawakunisikia. Walikuwa wamekaa sebuleni kwenye jua, chai iko juu ya makaa, wanabishana kama chai itiwe karanga au isitiwe.

"Karanga ni chakula," anasema Haji. "Chai ni chai."

"Miaka yote nimekunywa na karanga. Wewe umekuja juzi na jamvi, unataka kunibadilishia chai?"

"Sijasema nabadilisha. Nimesema tu."

"Umesema maneno mengi leo, Haji. Ya mwezi mzima umeyasema leo."

Niliiweka sahani yangu kwenye ngazi, nikafunika kwa kitambaa, nikarudi kwangu pole pole, nyayo zisisikike.